Lita Iliyoungua Bure Ni ya Nani?

Hebu tuwatazame madereva wawili. Wote wameajiriwa na kanisa, na kila mmoja amekabidhiwa gari la safari za vijijini, yaani gari lile lililoinuka juu ya ardhi, ambalo magurudumu yake yote manne huweza kuvuta. Dereva wa kwanza, usiku, ameingiza mpira ndani ya tangi, akanyonya lita 5 za dizeli, akaziuza. Wa pili hakunyonya kitu. Ila yeye alikwenda kilometa 110 kwa saa mahali ambapo 80 zingetosha. Tairi zake zilikuwa na upepo pungufu, keria tupu ilikuwa juu ya paa tangu msiba wa mwezi uliopita, na alipofika aliiacha injini ikiunguruma huku akizungumza na rafiki yake. Jioni tangi la huyu wa pili nalo lilikuwa limepungua lita 5 zaidi ya ilivyopasa.

Wa kwanza akijulikana atafukuzwa kazi, na huenda akapelekwa polisi. Wa pili tutamsifu kuwa ni dereva hodari, mtu wa kuwahi.

Swali letu ni hili: tofauti yao ni nini hasa?

Jibu la haraka ni kwamba wa kwanza amejipatia faida kwa mali isiyo yake. Ni kweli. Lakini jibu hilo likitazamwa kwa makini lageuka kichwa chini miguu juu. Lita 5 za mwizi zimeendesha mashine ya kusaga ya mtu fulani, na fedha yake imenunua unga. Lita 5 za wa pili hazikumlisha mtu yeyote. Zimetoka kwenye bomba la moshi, basi. Kama kosa lingepimwa kwa hasara ya mwenye mali peke yake, hao wawili wangekuwa sawa. Na kama lingepimwa kwa jumla ya mema na mabaya yaliyotokea duniani siku ile, huyu wa pili angekuwa na kesi mbaya zaidi. Hatusemi haya ili kumtetea mwizi. Mwizi amevunja uaminifu, na uaminifu ukivunjika hauungwi kwa kurudisha dizeli. Twasema tu kwamba tumezoea kumtazama mmoja kwa jicho kali na mwingine kwa tabasamu, wakati tangi limebaki vile vile.

Lugha yetu yenyewe imetushtaki. Ile pedali ya kulia twaiita mafuta, na dereva tukitaka akimbie twamwambia akanyage mafuta. Mtu akiona bomba la maji linavuja hukimbia kulifunga, hata kama si lake, kwa kuwa maji yanayopotea huonekana chini. Dizeli inayopotea kwa njia ya mguu wa dereva haina dimbwi, nasi twadhani imekwenda kazini.

Kuna wanaosema kwamba hapa hakuna aliyekosewa, maana mali ya umma haina mwenyewe. Maneno hayo husemwa kwa mzaha, lakini watu wengi huyaishi. Basi tuulize: aliyetoa alitoa nini? Mama aliyeuza mihogo, akatenga sehemu akaiweka kwenye kapu la sadaka, hakukusudia kununua kitu cha majimaji cha kutia ndani ya chuma. Alitoa safari. Alitaka kasisi afike mahali, mgonjwa azuriwe, watoto wafundishwe, mwalimu wa kanisa aliye mbali asijione ametupwa. Dizeli ilikuwa njia tu ya kuipeleka safari hiyo. Anayeichoma bila kuleta safari ameichukua safari ya mtu, hata kama mikono yake haina harufu ya mafuta.

Na mtu huyo ana makao. Tuchukue gari lenye kupata kilometa 8 kwa lita moja, na parishi iliyotenga lita 250 kwa mwezi. Hizo ni kilometa 2,000. Dereva na wakubwa wake wakipoteza sehemu moja katika kumi, mafuta yatakatika zikiwa zimebaki kilometa 200. Nani atakosa safari hizo? Si kanisa lililo jirani na ofisi, maana huko hata kwa miguu mtu hufika. Si mkutano wa wakubwa, maana mikutano ya wakubwa hupangwa mapema. Atakayekosa ni yule wa mwisho wa barabara, ambaye zamu yake imewekwa wiki ya nne, akaambiwa kwamba mafuta yamekwisha na asubiri mwezi ujao. Uharibifu wote wa tarehe 3, tarehe 9 na tarehe 15 unamwangukia yeye tarehe 26. Hakuuona ukitendeka, na sisi hatukuuona ukimfikia. Kwa sababu hiyo twadhani haukumpata mtu.

Hapo ndipo tunapoona uzito wa jambo hili. Tulikuwa tukimtafuta aliyekosewa karibu na tangi, kumbe yuko mwisho wa foleni.

Inafaa sasa tuseme kidogo habari za gari lenyewe, maana mtu hawezi kuwa mwangalifu kwa kitu asichokijua. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa huko Amsterdam mwezi wa Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, na chuma cha pua kilikuwa cha shida, hivyo mwili wake ulitengenezwa kwa aluminiamu. Lilikuwa gari lililozaliwa katika uhaba, na yachekesha kidogo kwamba ukoo wake na jamaa zake, pamoja na Land Cruiser tunazozijua, ndio umekuwa ukoo wa walafi. Sababu si siri. Gari hilo ni zito. Tairi zake ni pana, zenye meno ya kushika matope. Umbo lake ni la sanduku, na sanduku halipasui upepo vizuri. Nguvu ya upepo wa kulizuia gari huongezeka haraka kuliko mwendo wenyewe: ukitoka kilometa 80 kwa saa ukafika 100, mwendo umeongezeka kwa robo, lakini kizuizi cha upepo kimeongezeka kwa zaidi ya nusu. Na faida yake? Katika barabara ya lami ya kilometa 60, anayekwenda 80 hutumia dakika 45, naye anayekwenda 100 hutumia dakika 36. Dakika 9. Tunaoijua mikutano yetu twafahamu kwamba dakika 9 huishia kwenye kusalimiana.

Wizara ya Nishati ya Marekani imetoa hesabu za mambo haya, zinazohusu zaidi magari ya kawaida. Twazitaja kwa sababu zinatusaidia kujua lipi kubwa na lipi dogo. Tairi zote nne zikipungua upepo, kila paundi moja hula asilimia 0.2 ya mwendo tunaoupata kwa lita; basi zikipungua paundi 10 kila moja, tumepoteza kama asilimia 2. Mzigo wa kilo 45 hula kama asilimia 1, na gari likiwa zito hula chini ya hapo. Sanduku kubwa lililofungwa juu ya paa, kwenye barabara kuu, hula kati ya asilimia 6 na 17. Na uendeshaji wa pupa, yaani kuondoka kwa kishindo, kukimbia na kukanyaga breki kila mara, hula kati ya asilimia 15 na 30 katika barabara hizo kuu.

Tuzitazame hesabu hizo pamoja na desturi zetu. Parishi ikiona mafuta yanakwenda sana, amri ya kwanza itolewayo mara nyingi ni kwamba dereva asimbebe mtu njiani. Gari ni zito, wanasema, watu wanakula mafuta. Basi mama mwenye mtoto mgongoni, aliyesimama juani akielekea zahanati, anapitwa na gari la kanisa lenye viti vitupu, naye anajifunika uso kwa khanga vumbi likimwangukia. Mama huyo na mtoto wake wana kilo 70 pengine. Hata kwa hesabu ya gari dogo hawafikishi asilimia 2. Keria tupu iliyo juu ya kichwa cha dereva inaweza kula zaidi yao, na mguu wa dereva unakula kuliko akina mama watano wakikaa pamoja. Kuna sababu nyingine za amri ile, kama vile bima na usalama, nazo ni sababu za kweli. Zitajwe zenyewe kwa majina yake. Lakini dizeli isisingiziwe.

Twaona hapa hatari moja ya kubana matumizi, ambayo mara nyingi haihubiriwi. Ni rahisi kumpunguzia asiye na sauti. Keria ina wakubwa wanaotaka ibaki pale kwa kuwa inapendeza. Mwendo wa kasi una mwenyekiti aliyechelewa kuamka. Yule mama hana mtu kwenye halmashauri. Hivyo tukiambiwa tubane, twabana palipo laini. Injili ya Yohana inatukumbusha kwamba pale Bethania, mwanamke alipomwaga marhamu ya thamani, aliyelalamika juu ya upotevu kwa kuwataja maskini alikuwa ndiye mshika mfuko, na Mwinjili anaeleza alivyokuwa akiutumia mfuko huo. Si kila kinachotumika kimepotea, wala si kila anayelia juu ya upotevu analilia maskini.

Kuna kubana kwingine ambako si kubana hata kidogo. Madereva wengi huamini kwamba wakiteremka mlima na gia ikiwa huru, yaani nyutro, wanaokoa mafuta. Anayeshuka Kitonga kwa namna hiyo, au anayetoka juu Newala kurudi Masasi, anacheza na roho za watu. Na mafuta yenyewe haokoi. Gari likiwa ndani ya gia, na mguu ukiwa umeondolewa kwenye pedali, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Injini za siku hizi, hata pampu za dizeli za zamani, hukata mafuta wakati huo. Gia ikiwa huru, injini inabidi ile mafuta ili isizimike. Hapo dereva amelipa dizeli ili anunue hatari, na breki ndizo zinazobaki peke yake kubeba tani mbili na nusu za chuma na watu. Twasema hivyo kwa mkazo kwa kuwa mara nyingi nia njema huhesabiwa kuwa yatosha. Haitoshi. Anayetaka kutunza mali ya watu anawajibika pia kujua jinsi inavyofanya kazi, la sivyo ataitunza mpaka korongoni.

Twende kwenye jambo ambalo kwetu ndilo zito kuliko yote, maana linahusu jina la mtu. Gari limeanza kula mafuta. Zamani lilikuwa likipata kilometa 8 kwa lita, sasa daftari linaonyesha 7 na nusu. Minong'ono inaanza: dereva ananyonya. Watu wanakumbuka kwamba amejenga choo kipya. Mzee mmoja amemwona karibu na mashine ya kusaga. Kabla ya mwezi kwisha mtu yule amekwisha kuhukumiwa vibarazani, ingawa hakuna aliyemuuliza neno. Lakini je, miezi miwili nyuma halmashauri haikununua tairi mpya, kubwa zaidi, ili gari lipite matopeni vizuri? Tairi ikiwa kubwa, kila mzunguko mmoja huenda mbali zaidi, na kipimo cha kilometa kilicho mbele ya dereva hakijui habari hiyo, maana chenyewe huhesabu mizunguko tu. Tairi yenye kipenyo kilichozidi kwa asilimia 5 italifikisha gari kilometa 105, na kipimo kitaandika 100. Mafuta yanaonekana kupotea, kumbe kilometa ndizo zilizopotea. Ongeza hapo uzito wa tairi zenyewe na meno yake makubwa, na hesabu yote imepata maelezo bila mwizi hata mmoja.

Kupima si kazi ngumu. Jaza tangi mpaka juu, andika kilometa. Tembea safari zako za kawaida, kisha jaza tena mpaka pale pale, katika pampu ile ile ikiwezekana, ugawanye kilometa kwa lita. Fanya mara tatu, kwa sababu wiki ya mchanga haifanani na wiki ya lami. Pima na kile kipimo cha kilometa kwa nguzo za barabarani. Ni kazi ya mwezi mmoja. Parishi isiyoweza kungoja mwezi mmoja kabla ya kumwita mtu mwizi ina uharibifu mkubwa kuliko wa dizeli.

Wala tusidhani kwamba haya yote ni ya dereva. Dereva hana kipimo cha upepo kwa kuwa hakuna aliyekinunua. Anajua kwamba kwenye mchanga laini inafaa kupunguza upepo ili gari lisizame, na kwamba akirudi kwenye lami yampasa kuujaza tena. Lakini pampu haimo garini, na fundi wa tairi yuko kilometa 40 mbele. Chujio la hewa limejaa vumbi, injini ya dizeli inatoa moshi mweusi, naye aliomba jipya akaambiwa angoje bajeti. Halafu kuna safari zenyewe. Jumatatu gari lilikwenda kupeleka barua. Jumatano likaenda njia ile ile kumchukua mgeni, na Ijumaa likaenda tena kwa ajili ya viti vya harusi. Hakuna tairi wala mwendo wa taratibu utakaookoa kama ambavyo mtu mmoja mwenye kalenda angeokoa siku ya Jumatatu. Mkubwa anayechelewa kutoka nyumbani hununua mwendo kwa dizeli ya wengine, kisha humsifu dereva kwa kuwahi. Naye anayeomba injini isizimwe ili kipoza hewa kimpepee wakati akisoma gazeti, yuko karibu na yule mwenye mpira wa kunyonyea kuliko anavyofikiri.

Wengine huuliza kama jambo hili halihusu pia hewa tunayoivuta. Lahusu. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa kama kilo 2.7 za hewa ya ukaa, nzito kuliko lita yenyewe, kwa sababu hujichukulia oksijeni njiani. Wanaokosewa kwa njia hiyo wako mbali zaidi ya yule wa wiki ya nne, wengine hawajazaliwa. Hoja ni ile ile, ila foleni imekuwa ndefu.

Je, basi, yule dereva wa pili ni mwizi? Tumefikiri, na jibu letu ni hapana. Mwizi alijua anachofanya na akakificha. Huyu wa pili hakujua, na wala hakujificha, tena tulikuwa tukimpigia makofi. Lakini asiyejua jana akiisha kuambiwa leo, hali yake si ile ya jana. Kuanzia hapo anachagua. Twasema ana deni, na deni hilo si lake peke yake. Wamo ndani yake waliomharakisha, waliomnyima kipimo, na sisi tuliompungia mkono gari likipita kwa kasi. Na tofauti ya deni na wizi ni kwamba deni huweza kulipwa bila kumwaibisha mtu.

Kuna saa ambapo hesabu hizi zote hukaa kando. Usiku wa manane mzazi anatokwa damu na hospitali iko kilometa 50: dereva akanyage, na asiwepo wa kumuuliza habari ya lita. Lakini ili aweze kukanyaga usiku ule, yapasa tangi liwe na kitu. Lita zilizookolewa mchana, wakati wa kwenda kuchukua viti, ndizo zitakazomkimbiza.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na parishi nyingi zinalo daftari la gari. Lina nafasi ya tarehe, ya kilometa, ya lita, na ya sahihi ya dereva. Bei nayo twaijua, kwa kuwa EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi. Twapendekeza iongezwe nafasi moja tu: safari iliyoahirishwa kwa kukosa mafuta, pamoja na jina la mahali na la kazi iliyokuwa ikafanywe huko. Mbatizwaji fulani, mgonjwa fulani, darasa fulani. Ukurasa huo usomwe kwenye halmashauri kabla ya hesabu za fedha, polepole, na dereva awepo wakati unasomwa, maana yeye ndiye aijuaye njia ya kwenda huko. Jina la kitongoji kile kile likisomwa miezi minne mfululizo, huenda mtu akauliza keria ile inafanya kazi gani juu ya paa. Spana mbili na nusu saa zatosha kuishusha.